BINTI WA DUNGUNI

Hotuba iliyosomwa bwaloni siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu wa chama chetu aliponiandikia, alinitaka niseme juu ya wajibu wa mtumishi wa serikali katika maendeleo. Nilimjibu kwamba juu ya jambo hilo mmekwisha kusikia hotuba nyingi, tena kutoka kwa watu wenye vyeo kunishinda, na kwamba mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilizihudhuria nyingi humu humu bwaloni nikiwa usingizini, benchi la tatu kutoka mlangoni. Nikamwomba aniruhusu nizungumzie picha. Alishangaa kidogo, lakini kwa kuwa ni mtu mwungwana, akakubali.

Picha yenyewe ndiyo hii niliyoiegemeza hapa mezani. Urefu wake ni futi moja na nusu, upana wake futi moja. Walio nyuma wataiona mkutano utakapokwisha. Watapita hapa mmoja mmoja, ila nawaomba wasiiguse kwa vidole, maana hiyo inayong'aa ni dhahabu ya kweli.

Nieleze kwanza mnachokiona. Katikati amesimama kijana mwenye taji, uso wake mzuri, ameshika mkuki. Huyo ni Murugan, mungu anayependwa kuliko wote na Watamil wa kusini mwa India. Nyuma yake yuko tausi, na bendera yake ina picha ya jogoo. Kila upande wake amesimama mwanamke mmoja mwenye mapambo na ua mkononi. Hao ni wake zake. Wa kushoto kwake anaitwa Devasena, na wa kulia kwake anaitwa Valli.

Nasikia kicheko kule nyuma. Nilikitegemea. Nilipokuwa na umri wenu nami ningecheka, na pengine ningecheka kwa sauti kubwa zaidi. Mimi si Mhindu, wala sikuja kumbadilisha mtu yeyote dini yake. Nimekuja na picha hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba imetengenezwa kwa ufundi unaostahili kujulikana. Ya pili ni kwamba nina deni katika shule hii, la tangu mwaka 1995, na picha hii ndiyo iliyonikumbusha. Nitalilipa kabla sijaketi.

Mwaka 2016 nilipelekwa India kwa kozi ya wiki nane, katika mji wa Chennai. Serikali ya India ina mpango wa ushirikiano wa kiufundi ulioanza mwaka 1964, na kwa mpango huo watumishi wengi wa nchi zetu wamekwenda kusoma huko. Darasani niliketi karibu na bwana mmoja Mtamil kutoka Sri Lanka, mtu mcheshi, mwenye kupenda kueleza mambo. Siku moja aliniambia, "Umekuja kwetu kusoma habari za mafaili tu? Twende Thanjavur, ukaone watu wanavyofanya kazi." Ijumaa usiku tukapanda treni kuelekea kusini.

Thanjavur ni mji wa zamani katika bonde la mto Kaveri. Pande zote ni mashamba ya mpunga. Katikati ya mji lipo hekalu kubwa la mawe lililokamilishwa mwaka 1010 na mfalme Rajaraja wa ukoo wa Chola, nalo limesimama mpaka leo na watu wanasali ndani yake. Lakini picha za namna hii si za kale kiasi hicho. Historia yake ni ya watu waliohamahama, na nitaieleza kwa ufupi.

Mwaka 1565 dola kubwa ya Vijayanagara ilishindwa vitani, na mji wake mkuu ukaharibiwa. Mafundi waliokuwa wakiishi kwa fadhila za wafalme wale wakatafuta mabwana wengine, na baadhi yao wakateremka mpaka kusini. Thanjavur ilitawaliwa kwanza na watawala walioitwa Nayaka, kisha tangu miaka ya 1670 ikatawaliwa na Wamaratha waliotoka magharibi mwa India. Chini ya Wamaratha hawa ndipo uchoraji huu ulipopata sura tunayoijua. Wachoraji wengi walikuwa wa jamaa za Raju na Naidu, watu ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kitelugu, wakafanya kazi katika nchi ya Watamil, kwa kuwatumikia wafalme waliosema Kimarathi. Msidhani basi kwamba sanaa iitwayo ya jadi hutoka kwa watu ambao hawakutikisika mahali pao.

Mfalme anayekumbukwa sana katika habari hii ni Serfoji wa Pili, aliyekalia kiti tangu mwaka 1798 hadi 1832. Waingereza walimnyang'anya utawala wa nchi mwaka 1799, wakamwachia ngome yake na posho. Wengine wangekunywa posho hiyo mpaka ikaisha. Yeye aliitumia kwa vitabu, tiba, muziki na picha. Na maktaba aliyoikuza, iitwayo Saraswathi Mahal, ingali ikihifadhi maelfu ya maandiko ya kale, mengi yameandikwa juu ya majani ya miti ya jamii ya mtende. Mwaka 1855 mfalme wa mwisho alikufa bila kuacha mtoto wa kiume, na Waingereza wakaufuta ufalme wenyewe. Wachoraji wakabaki bila bwana. Waliokolewa na wafanyabiashara matajiri waliotaka picha za kuabudia nyumbani kwao.

Kisha ikaja mashine. Mwaka 1894 mchoraji mashuhuri Raja Ravi Varma alifungua kiwanda cha kupiga chapa huko Bombay, na picha za miungu zikaanza kutolewa kwa wingi na kwa bei ambayo hata mtu maskini aliweza kulipa. Kalenda mlizopata kuziona katika maduka ya Wahindi huku kwetu, zenye mungu wa kike akimwaga sarafu kutoka mkononi, ni wajukuu wa kazi ile. Silidharau jambo hilo. Lilimpa mtu wa chini picha ya kutundika ukutani pake. Lakini liliwanyima wachoraji wengi chakula.

Sasa niwaeleze ufundi wenyewe, kwa kuwa niliuona kwa macho yangu. Mwenzangu alinipeleka kwa mzee mmoja anayefanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi barabarani. Alikuwa amekaa chini, ubao mbele yake juu ya kigoda, miwani imeshuka puani.

Kwa lugha ya kwao picha hizi huitwa picha za ubao. Zamani ubao ulikuwa wa mfenesi, mti ambao wenzetu wa pwani wanaujua vema. Siku hizi wengi hutumia plaiwudi. Juu ya ubao hubandikwa kitambaa kwa gundi. Juu ya kitambaa hupakwa uji mzito wa unga wa chokaa uliochanganywa na gundi. Zamani mafundi walikuwa wakitumia gundi inayotokana na mbegu za ukwaju. Ukikauka husuguliwa kwa jiwe laini mpaka uso wake uwe kama ganda la yai. Hapo ndipo mchoro huchorwa.

Baada ya mchoro fundi hupachika vipande vya kioo vya rangi, na katika picha za gharama kubwa mawe yenye thamani, mahali pa mikufu, vipuli na mataji. Kisha huchukua chokaa laini sana iliyochanganywa na gundi, akainyanyua juu ya mchoro, tone kwa tone, mpaka nguzo, mapambo na pindo za nguo zinainuka kutoka ubaoni. Mkipita hapa mtaona kwamba taji hili halikuchorwa tu, limejengwa. Juu ya sehemu hizo zilizoinuka hubandikwa karatasi nyembamba za dhahabu ya karati 22, akazikandamiza mpaka zifuate kila mkunjo. Ikiisha dhahabu, ndipo huja rangi: nyuso, mikono, nguo na maua. Zamani rangi zilitoka katika mawe na mimea, kama nili ya bluu, na weusi ulitoka katika masizi ya taa. Siku hizi nyingi hununuliwa dukani. Picha moja nzuri huchukua wiki kadhaa.

Nilimwuliza mzee kwa nini dhahabu nyingi hivyo. Hakunijibu. Alimwita mjukuu wake, akamwambia afunge mlango na dirisha, kisha akawasha taa ndogo ya mafuta. Chumba kilikuwa giza. Nyuso katika picha hazikuonekana tena wala rangi hazikuonekana, lakini taji, mkuki na mapambo yaliwaka kama makaa. Picha hizi, ndugu zangu, zilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya sala visivyo na umeme. Mtu aliyezitazama mchana kwenye jumba la makumbusho hajaziona bado.

Tulipofungua mlango tena, mzee alirudi kazini. Picha aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa hii hii. Alikuwa amefika hatua ya kubandika dhahabu. Wakati anaendelea, mwenzangu alinisimulia kisa chake, nami nitawasimulia kama nilivyokisikia, kwa kuwa bila kisa picha hii haisemi.

Murugan alizaliwa ili apigane. Palikuwa na zimwi kubwa liitwalo Surapadma lililowatesa miungu. Vita vyao vya mwisho vilipiganwa Tiruchendur, ufukweni mwa bahari. Zimwi lilipoona limeshindwa likajigeuza mwembe. Murugan akaupasua mwembe kwa mkuki wake vipande viwili: kimoja kikawa tausi, cha pili kikawa jogoo. Hakuviua. Tausi akawa kipando chake, jogoo akawekwa kwenye bendera yake. Ndiyo maana wote wawili mnawaona hapa. Adui amepewa kazi.

Miungu walifurahi, na mfalme wao, Indra, akampa Murugan binti yake Devasena awe mkewe. Harusi ilifanyika Tiruparankundram, karibu na Madurai, kwa utaratibu wote: wazazi, makuhani na wageni wakubwa. Huyo ndiye huyu wa kushoto, mweupe wa rangi. Binti wa mfalme wa mbinguni. Kwake hakuna la kushangaza. Mkubwa ameoa kwa wakubwa.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Katika vilima vya nchi ya Watamil paliishi watu wa porini, wawindaji, wachimbaji wa viazi vikuu. Siku moja mkuu wao aliokota mtoto mchanga wa kike ndani ya shimo lililochimbwa viazi. Akampa jina la Valli, ambalo ni jina la mmea utambaao. Mtoto akakua, na kama watoto wote wa kwao, akapewa kazi. Alipelekwa kwenye shamba la nafaka ndogo, jamii ya uwele na ulezi wetu. Wakamjengea dungu. Akakaa juu ya dungu kutwa nzima na kombeo lake, akiwafukuza kasuku na ndege wengine wasile nafaka.

Ndugu zangu, mwenzangu alipofika hapo, nilimwomba arudie. Nilidhani sikusikia sawasawa. Alirudia, akanionyesha kwa mikono: jukwaa la miti lenye miguu minne, kombeo, mawe madogo. Hakujua neno la Kiswahili la jukwaa hilo. Nilimwambia, "Hilo kwetu linaitwa dungu." Akacheka, akasema tunaweza kuelewana.

Basi Murugan alisikia habari za binti huyo, akashuka. Kwanza alikuja kama mwindaji kijana, akasema maneno matamu. Valli hakumjali. Wawindaji walipotokea, mungu akajigeuza mti. Akarudi tena, safari hii kama mzee mkongwe mwenye njaa. Valli akamhurumia, akampa unga wa nafaka uliochanganywa na asali. Akataka maji, akampa maji. Akataka kuolewa naye, na hapo Valli akamkemea kwa kusahau umri wake. Mungu wa vita, aliyepasua mwembe baharini, akawa ameshindwa na msichana mwenye kombeo. Ikabidi amwite ndugu yake Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, aje kama tembo wa porini. Valli akaogopa, akamkimbilia mzee, akamwahidi lolote. Ndipo mzee akajionyesha ni nani. Mlima wanaouonyesha watu kuwa ndipo mambo hayo yalipotokea unaitwa Vallimalai, yaani mlima wa Valli.

Wenye elimu wanasema mengi juu ya wake hawa wawili. Kaskazini mwa India mungu huyu huitwa Skanda au Kartikeya, na huko wengi husema hakuoa kamwe. Valli ni wa kusini, ni wa Watamil, wa vilima vyao na nafaka yao. Kwa hiyo wapo wanaoona kwamba katika picha hii zimekutana imani mbili, ile iliyokuja na vitabu vya Kisanskriti na ile iliyokuwapo mashambani. Wengine hufundisha kwamba mkuki ni maarifa, Valli ni nia, na Devasena ni tendo. Ninyi mliomo shuleni mnaweza kulifikiri hilo siku ya mtihani: mkuki mnapewa hapa, lakini mkuki peke yake huegemea ukuta tu.

Mimi, hata hivyo, nilikuwa nimenasa kwenye jambo dogo zaidi. Mzee alikuwa anafikia mapambo ya wake. Alichukua karatasi moja ya dhahabu, akaikata katikati kwa mkasi. Nusu akaiweka kando ya Devasena, nusu akaiweka kando ya Valli. Kisha akaanza na Valli.

Nilimwuliza, kwa kinywa cha mwenzangu, kama ndivyo ilivyo desturi, maana mmoja ni binti wa mfalme na wa pili alilinda shamba. Mzee alinitazama juu ya miwani yake kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali la ovyo. Akasema, "Wote wamesimama ubao mmoja." Akaendelea na kazi.

Nilitoka nje. Nikasimama barabarani nikijifanya natazama baiskeli zinazopita.

Sasa naja kwenye deni langu. Mimi ni mtoto wa Singida. Mama yangu hakusoma. Alilima uwele na mtama, na kila mwaka masuke yalipotoka alipanda dungu kabla jua halijachomoza, akashuka likiwa limezama, kwa ajili ya kwelea kwelea. Wenzangu wa mikoa ya kati mnawajua ndege hao: wakishuka kama wingu asubuhi, jioni huna shamba. Mama alikuwa na kombeo na debe bovu la kugonga. Ada yangu ya shule hii ilitoka kwenye uwele ule. Kila shilingi iliokolewa mdomoni mwa ndege.

Mwaka 1995, nikiwa kidato cha pili, ilikuwa siku ya wazazi. Wazazi wa wenzangu wengine walikuja na magari, baba zao wamevaa suti. Mimi nilikuwa nimesimama langoni na marafiki zangu wanne, wawili kati yao wamo humu ukumbini leo. Akaja mwanamke kwa miguu kutoka barabara kuu alikoteremka lori. Miguu ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Amejifunga khanga iliyopauka, kichwani ana kikapu cha karanga za kukaanga na unga wa uwele. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Huyu ni nani wako?"

Nilisema, "Ni mtu wa kijijini kwetu. Ametumwa na mama."

Alikuwa amekwisha kufika karibu. Alisikia. Alinitazama kidogo tu, akatua kikapu, akawaamkia wale vijana kwa adabu, akasema, "Ndiyo, nimetumwa na mama yake. Anamsalimu sana." Akanikabidhi kikapu. Hakuingia hata getini. Akarudi barabarani kungoja lori la kurudi.

Tulikula karanga zile usiku bwenini. Walizisifu.

Tangu siku hiyo mimi na mama hatukulizungumza jambo lile. Nilimaliza hapa, nikaenda Mlimani, nikapata shahada, nikaajiriwa. Nilimjengea nyumba ya bati. Nilijiona mtoto mwema. Na katika ofisi yangu, nakiri mbele yenu, lilikuwapo benchi nje ya mlango, na wale waliokuja na miguu yenye vumbi walikaa hapo mpaka wenye suti waishe. Sikupata kuliona kuwa ni jambo lile lile mpaka nilipoona mzee wa Thanjavur akikata karatasi ya dhahabu.

Picha hii nilimwagiza mzee, akaimaliza na kunitumia Chennai kabla sijaondoka. Bei yake sitaitaja, kwa sababu mke wangu yumo humu ukumbini. Aliniambia kwamba watoto wake wawili wanafanya kazi za kompyuta mjini, na kwamba zipo siku hizi picha zenye dhahabu ya uongo zinazouzwa kwa bei ya nusu. Hakulalamika, alinieleza tu ili nijue nilichonunua. Jina la picha za Thanjavur limeandikishwa kisheria huko India ili lisitumiwe na kila mtu, lakini sheria haiwezi kumketisha kijana chini wiki sita.

Niliporudi nyumbani, nilikwenda kwanza Singida. Nilimwekea mama picha hii magotini, nikamsimulia kisa chote kama nilivyowasimulia ninyi. Mama ni mtu wa kanisa, naye aliisikiliza kama hadithi ya watu wa mbali, mpaka nilipofika kwenye dungu. Hapo aliketi wima.

"Dungu lake lilikuwa na paa?" akauliza. Nikasema sijui. "Alitumia kombeo au debe?" Nikasema kombeo. Akatikisa kichwa, kombeo ni zuri zaidi, lakini linachosha bega. Akamtazama Valli kwa muda mrefu, akagusa mkufu wake kwa ncha ya kidole, jambo ambalo ninyi nimewakataza. Kisha akauliza swali ambalo sijapata kulijibu wala mwenzangu wa Sri Lanka hakuweza nilipomwandikia. Akasema, "Na alipoolewa akapelekwa huko kwenye dhahabu, ndege wale nani alibaki akiwafukuza?"

Nikaona ndiyo saa. Nikaanza, "Mama, siku ile shuleni, pale langoni…" Hakuniacha nimalize. Alisema, "Siku ile nilitumwa na mama yako. Ujumbe niliufikisha." Akanirudishia picha, akaenda kuangalia chungu jikoni.

Ndugu Mwenyekiti, mama amekwisha kunisamehe, au amenikatalia kuombwa msamaha. Sijui ni lipi. Lakini uongo ule sikuusema nyumbani, niliusema hapa, mbele ya watu wa hapa, hatua sitini kutoka tulipoketi. Kwa hiyo hapa ndipo pa kuusahihisha. Mwanamke aliyekuja langoni siku ya wazazi mwaka 1995 na kikapu cha karanga hakutumwa na mtu. Alikuwa mama yangu mzazi.

Sidai kwamba tangu hapo nimekuwa mtu mwema. Benchi la nje ya ofisi yangu bado lipo, kwa kuwa watu wanahitaji mahali pa kukaa. Lakini sasa anayetangulia kuketi ndiye anayetangulia kuingia, na wenye suti wamenilalamikia kwa wakubwa zangu mara mbili. Nanyi wadogo zetu, siku yenu ya wazazi i karibu. Sitawahubiria. Nawaomba tu mtakapomwona anayekuja kwa miguu, mtangulieni kumpokea mzigo kabla mtu hajawauliza ni nani.

Mwisho kabisa. Katibu alitaka mama awepo hapa leo, na kiti chake kilikuwa tayari, pale mstari wa mbele. Mnakiona kitupu. Nilimpigia simu wiki iliyopita kumwambia nitamfuata kwa gari. Umri wake umepita miaka sabini, tena nimemwambia mara nyingi aache shamba. Alinishukuru, akasema niwasalimu wote, walimu na vijana, na wale walioumaliza ule mfuko wa karanga. Lakini kuja hawezi. Uwele umetoa masuke, na ndege wameshuka.